Salamu za Mama Mkwe Redioni

Jumanne, Ngokolo. Jua limewaka tangu asubuhi, mawingu yanakuja na kupita, watu wote mtaani wanalia joto, na mimi nasikia baridi. Hata kuandika hapa nakosea herufi.

Naogopa. Niseme tu hivyo, nisizunguke.

Mnaonisoma siku zote mnajua Baba Kulwa, mume wangu, ni mpiga picha wa habari. Alianzia harusi na ubatizo hapahapa Shinyanga, akaenda kupiga picha za wachimbaji wa dhahabu kule Geita, na sasa yuko Kongo, kwenye vita, na mwandishi mmoja wa nje aliyemkodi. Mji siutaji. Nyumba anayolala siitaji. Atakayeniuliza kwenye maoni namfuta, tusilaumiane.

Hiyo ndiyo sheria yao ya kazi: mtu anapolala hapasemwi. Kule mwenye kamera anaitwa jasusi na hawa, anaitwa jasusi na wale. Mwenzao mmoja walimfuata kitandani. Kamera yake ilikuja kuonekana ikiuzwa sokoni, yeye mwenyewe hajaonekana hadi leo. Baba Kulwa alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananitajia bei ya mchele. Mimi mkewe hakuniambia analala wapi, na sikumuuliza.

Mama yake alimwambia.

Mama mkwe yuko Nkome, ziwani huko Geita, anaanika dagaa na kuuza, na hakuna mtoto wake anayeweza kumdanganya. Alimbana kwenye simu, unalala wapi, unakula nini, mpaka mwenzangu akashindwa, akamtajia ile nyumba ili mama apate usingizi. Haya. Mama akapata usingizi. Jana alipoamka akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha salamu.

Nilikuwa nachambua mchicha, redio iko dirishani, nikasikia sauti ninayoijua. "Namsalimia mwanangu," akataja jina, la ubatizo na la ukoo, "popote pale alipo." Mtangazaji akataka kumuaga. Mama akasema ngoja kwanza, mimi ninajua alipo. Akataja mji. Akataja nyumba, akataja na kanisa lililo jirani, vile anavyomwelekeza mteja afike kwenye dagaa zake. "Anapiga picha za vita. Ujumbe wangu, akae mbali na risasi, na ale vizuri."

"Salamu zimefika, mama!" Mtangazaji akacheka, akaweka wimbo.

Jamani.

Kuna atakayesema, redio ya huku na vita vya kule wapi na wapi. Ndugu yangu, wale wapiganaji wanaongea Kiswahili kama wewe. Redio siku hizi inasikika kwenye simu, na ile sauti ya mama waliiweka mpaka kwenye ukurasa wao. Nikawapigia wafute. Kijana aliyepokea akaniambia imependwa sana. Nilimfokea maneno ambayo sitayaandika hapa, akafuta.

Nikampigia Baba Kulwa. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa mtandao ananijibu vilevile mpaka nikamchukia. Nikaandika ujumbe wa neno moja, HAMA, ukabaki na alama moja, haujamfikia. Wanangu wakaniuliza mama unalia nini, nikasema vitunguu. Kulwa akaangalia mchicha, akaniangalia mimi.

Leo mchana amepiga.

Anaongea kwa sauti ya chini. Asubuhi walisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mwenye bunduki akachukua kitambulisho chake, akasoma jina, akalirudia polepole. Halafu akatabasamu. Akamwambia, "Mama yako wa Nkome anakusalimia. Anasema ule vizuri." Kumbe yule aliwahi kuchimba dhahabu Geita, na redio ya huku haimpiti. Akawafungulia njia.

Baba Kulwa mpaka sasa hajui alikuwa anataniwa au anatishwa. Mimi pia sijui, na nimegeuza hilo tabasamu kichwani mpaka kichwa kinauma. Kwenye ile nyumba hawajarudi, nguo wameziacha hukohuko. Barabara ya kutoka mjini imefungwa, wanasubiri. Alipo sasa hakuniambia. Nimemshukuru kwa hilo. Mke mzima, nashukuru kutojua mume wangu yuko wapi!

Tangu jana nilikuwa nimemwandalia mama mkwe maneno. Makali. Nilikuwa nayarudia hata nikiosha vyombo. Jioni hii akapiga mwenyewe, nikaanza na shikamoo, akaitikia marahaba mkwe wangu, na kabla sijavuta pumzi akauliza, "Eti Mama Kulwa, salamu zangu zimemfikia mwanangu?"

Maneno yote yakayeyuka. Nikasema, "Zimemfikia, mama."

Akapiga vigelegele. Nikawasikia na wenzake pale mwaloni, ufukweni wanapoanika dagaa, wanavipokea. Na mimi, kwa woga na ujinga, nikajikuta naropoka kwamba amehama.

"Kahamia wapi?"

Sijui, mama. Na kweli sijui.

"Basi akipatikana kwenye simu nitamuuliza mwenyewe," akasema. "Nataka Jumatatu nimsalimie tena."

Nimekata simu nikakaa sakafuni. Atamuuliza, na yeye atamjibu, namjua mume wangu.

Kesho naenda Nkome. Jambo hili si la simu. Nitamkuta ameinama kwenye dagaa zake, atafurahi kuniona, ataniletea kiti. Nitaanzia wapi kumwambia mama mzazi aache kumsalimia mwanawe?