Jembe la Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wapwa zangu watundu. Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu sana; kitambaa ulichomtumia ameshakishona, na anasema mwaka huu ndicho kitu pekee cha kijani hapa nyumbani.

Barua yako niliipata. Uliniambia kwamba baada ya misimu mibaya mtu asingoje moyo urudi ndipo aende shambani. Aende tu, ashike jembe, moyo utamfuata hukohuko. Nilicheka, maana jembe wewe ulilikimbia mapema kuliko sisi sote. Lakini maneno yako yaliniingia. Wakati ule nilikuwa nashinda mlangoni nikitazama ukuta wa banda, na wanangu walishaanza kunipita kimyakimya kama wanapita kwa mgonjwa.

Basi mvua ya kwanza iliponyesha, nikatii. Nikavaa buti za marehemu baba, nikachukua kopo la mbegu, nikaenda kupanda. Chimba, inama, fukia, mstari hadi mstari. Wanangu walinitazama toka uani, mdogo akapiga makofi. Dada, siku ile nilijiona mtu tena.

Nilichosahau ni kwamba watu bado wanatazama shamba letu. Unakumbuka enzi za baba, hakuna aliyepanda kabla hajaliona jembe la mzee limeanza. Nilidhani mambo hayo tulimzika nayo. Kumbe wapi! Fundi baiskeli aliniona kupitia uani kwake, akamwambia mkewe watoe mbegu zote, mtoto wa mzee ameshaanza. Mjane wa jirani naye akafuata. Kufika jioni bonde zima lilikuwa limeinama.

Mvua ikakata. Jua likawaka kama lina kisasi nasi. Miche yao ilichomoza, ikanyauka, ikaisha. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Tena fundi alikuja kutazama kwangu, akakuta hakuna hata mche mmoja uliochomoza. Akastaajabu, akasema kweli mimi ni damu ya mzee: bila shaka nilifukia chini zaidi, na mbegu zangu zimelala salama zikingoja mvua ya haki. Habari hiyo ikaenea.

Dada, hakuna kilicholala mle. Mbegu tulikuwa tumeshazila. Wifi yako alizipika, tukala bila kutazamana. Kopo lilikuwa tupu. Nilichimba, nikainama, nikafungua vidole visivyoshika kitu, nikafukia, ili wanangu wasione baba yao ameshindwa, na mimi mwenyewe nisijione.

Leo asubuhi mjane ameniletea bakuli la mbegu alizobakiza. Anasema wamekubaliana zipandwe kwangu kwanza, wao watangoja wanione. Bakuli liko hapa mezani, kando ya karatasi hii. Nikimaliza kuandika nitalibeba nimrudishie na kumweleza yote, kisha niende kwa fundi. Safari hii usiniombee mvua, niombee ulimi.

Msalimie shemeji, na wapwa uwakumbatie kwa niaba yangu. Wifi yako anasema usiache kulikanda goti.

Ni mimi mdogo wako, yule mliyekuwa mkimwita
Domokaya