Roboti wa Vipande Mia Tatu

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti sasa linakuacha ulale. Sisi huku hatujambo. Mimi nina hasira, lakini unajua kwangu hasira ni dalili ya afya. Binti yetu bado ana tabia yake ya kusoma barua za watu. Ya kwako ya mwisho ilinifikia imeshafunguliwa, akadai gundi ya bahasha ilikuwa hafifu.

Uliniomba nimpe baraka huyo kijana anayetaka kumuoa, ukasema ni mpole. Dada, hata mto wa kulalia ni mpole! Je, uliuliza anafanya kazi gani? Anauza roboti wa plastiki wa kuunganisha. Mwanamume mzima, ndevu zimejaa, kila Jumamosi anakaa mezani na watu wazima wenzake wanapachika mikono ya midoli, na hilo wanaliita darasa. Mimi niliyetengeneza saa miaka thelathini na minne, leo niitwe baba mkwe na muuza midoli?

Nikaenda dukani kwake nimwone vizuri. Aliniamkia kwa adabu zote, akaniuliza kama nimewahi kuunda roboti. Akanishauri nianze na boksi dogo, vipande arobaini, halitaki gundi wala rangi, kwa sababu wengi wanaoanza huvutwa na picha ya boksi kubwa kisha wakakata tamaa. Ananishauri mimi! Nikachukua kubwa kuliko yote, vipande mia tatu, mabawa na upanga juu, nikatoka kifua mbele.

Vipande hivyo huja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, unavikata kwa koleo ndogo. Kijitabu cha maelekezo nilikitupa kule. Maelekezo ni ya wasiojua kazi. Nikafanya kama nifanyavyo na saa: nikakata vyote kwanza, nikavipanga kwa ukubwa kwenye visahani vyangu. Vilipendeza kweli. Kumbe namba huandikwa kwenye fremu, si kwenye kipande, na fremu nilishazitia takatakani. Siku nne nikahangaika na vitu vya kijivu vinavyofanana kama punje za mchele. Hata mguu mmoja haukusimama.

Sasa nikuungamie nililolifanya. Jumamosi nilirudi na vipande vyangu kwenye mfuko. Duka limejaa, binti yetu yupo. Nikasema kwa sauti kwamba kijana huyu ameniuzia takataka, boksi lina kasoro, vipande haviingiani. Akafungua mfuko, akatazama mara moja tu. Alijua. Aliinua macho akaniangalia, kisha akawaambia watu wote kwamba ni kweli, boksi ni bovu na kosa ni lake, akaniomba radhi. Wateja wawili wakarudisha maboksi yao palepale. Binti yetu akamwambia hawezi kuolewa na mtu anayemlaghai baba yake, akafuatana nami nyumbani.

Basi nimeshinda, Dada. Hii ni wiki ya pili binti yetu anakula kimya, macho yamevimba, na yule bwege hajafungua mdomo kujitetea. Neno moja lingemtosha. Namdharau kwa ujinga huo, lakini ninayemdharau zaidi ndiye anayekuandikia, mzee mzima aliyevunja uchumba wa mwanawe kwa sababu ya plastiki. Kila nikitaka kumwambia ukweli usoni, najikuta naulizia chai. Baraka uliyoniomba nimeitoa, ila itamfaa nani iwapo binti mwenyewe haijamfikia?

Msalimie shemeji, mwambie saa yake iko tayari, aache kuiulizia katika kila barua. Barua hii nampa binti yetu aipeleke posta. Safari hii gundi sikuipaka kabisa.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Saa