Mke Niliyemzua Mbele ya Dresa

Romani, nimeaibika. Temeke nzima inanicheka.

Bernadeta, yule mtoto wa marehemu dada yangu, ana mimba ya miezi minne, na unajua kwetu mimba changa haitangazwi. Jirani yake kashikwa na ndui, na leo dresa wa serikali, yule mhudumu wa hospitali, kaja kuchanja watu. Bernadeta akaninong'oneza, "Mjomba, niulizie kama chanjo haitamdhuru mtoto. Ila usinitaje."

Nikamwuliza dresa pale mstarini, polepole. Yeye akajibu kwa sauti ya mnadani: "Mjamzito nani, mzee?"

Nani! Mbele ya wanawake wote! Nikasema, "Mke wangu."

Mke wangu, Romani! Mie niliyezunguka toka Songea mpaka Tanga bila hata kuchumbia!

Wote wakageuka kumtazama Bi Filomena, mwenye nyumba ninayokaa, aliyesimama nyuma yangu mstarini. Ana wajukuu sita yule. "Hongera, bibi!" Vigelegele! Na dresa naye, bila haya, akamwuliza ana miezi mingapi.

Bernadeta akacheka mpaka akakaa chini. "Ni mimi, jamani!"

Dresa akamwambia, "Kusingekuwa na mgonjwa karibu yako, ningesema ungoje kwanza ujifungue. Lakini ndui ikikupata, inaweza kukuua wewe na mtoto. Heri chanjo." Bernadeta akakunja mkono wa gauni mwenyewe, akachanjwa.

Sasa hivi Bi Filomena kautupa mkeka wangu nje. "Nenda ukalale kwa mkeo!"

Romani, kwako kuna nafasi?