Kichwa cha Baba Kitulie Alhamisi

Mama, shikamoo.

Picha za kichwa cha Baba zimeharibika zote. Ameniambia hivyo leo mchana Rashidi, mpiga picha wa hospitali, na nimeziona mwenyewe. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta. Sasa niambie, goti lako linakuruhusu kwenda shamba? Mvua imefika Ihanja au imeishia njiani? Sisi tunakula, kulala ni kwa shida. Baba anazunguka chumbani kwangu kama ng'ombe aliyefungiwa, na mimi nimeanza kumfuata.

Mashine yenyewe ni kama pipa kubwa lililolazwa. Mgonjwa anaingizwa kichwa kwanza, nayo inagonga kama mafundi wanaoezeka bati. Haichomi wala haiumizi. Inachotaka ni kichwa kitulie. Kikisogea kidogo tu, picha inatoka na kingo mbilimbili, kama gazeti tunalochapa kazini siku rangi zinapokosa kukaa mahali pake. Uvimbe ulio nyuma ya jicho la Baba unaonekana kwamba upo, ila unapoishia hapaonekani. Daktari wa upasuaji anapataka hapo hapo, ajue kama umegusa mshipa. Bila hivyo hashiki kisu. Na yeye ni mgeni hapa Dar es Salaam, Jumamosi anaondoka.

Baba hakuogopa, Mama. Aliitikia salamu. Rashidi ni kijana mwenye adabu, na mashine iliponyamaza kidogo alisema kwenye kipaza sauti, "Shikamoo mzee, pole." Unamjua mumeo, na unajua kwetu mtu haitikii kwa mdomo peke yake. Kichwa kikashuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazazi hawajambo? Kwenu ni wapi?"

Mashine ilikuwa imeshaanza kugonga.

"Mzee, usiongee!"

"Eeh, nimesikia," akasema, na kichwa kikashuka tena.

Ikawa hivyo kila mashine iliponyamaza. Alipotolewa nikamuuliza kwa nini hakukaa kimya kama alivyoambiwa.

"Kijana ananiamkia, mimi nilale kama gogo? Atakwenda kwao aseme Wanyaturu wana majivuno."

Niliuliza habari ya sindano ya usingizi. Daktari ameikataa kwa sababu ya kifua chake. Kwa hiyo lazima atulie mwenyewe, akiwa macho. Rashidi akamsogelea, akachuchumaa.

"Mzee, kosa ni langu. Nitakuamkia mlangoni. Ukishaingia humo sikuamkii mpaka utoke. Usije ukasema watu wa Pwani hatuna adabu."

"Hilo nilikuwa nalisema tangu zamani," Baba akajibu, na wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka.

Safari hii atawekewa sponji pande zote mbili za masikio na mkanda wa kitambaa kwenye paji la uso. Mkononi atashika mpira. Akizidiwa aubonyeze, asiite. Picha zitapigwa fupi fupi, ili ikiharibika moja irudiwe hiyo tu.

Jioni hii tumefanya mazoezi. Nimemlaza mkekani, kichwa katikati ya mito miwili, redio nimeifungulia mpaka mwisho. Mara ya kwanza jirani alipiga hodi na Baba akamkaribisha. Mara ya pili nikasimama kando yake nikasema, "Shikamoo, Baba." Hakuitikia. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari, na kichwa hakikusogea. Ndicho nilichokuwa namtaka afanye. Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia akanyamaza, na sikuweza kusimama pale kwa muda mrefu. Nilizima redio nikaanza kukuandikia.

Nisalimie shangazi anayetuangalizia mifugo, mdogo wangu wa mwisho aache kuuliza kama Baba ameona bahari, na shemeji mwenye duka Ikungi umwambie asiitumie simu yake Alhamisi mchana. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, ataishusha hapo barabarani kwenu.

Baba anaingia mashineni Alhamisi saa mbili asubuhi. Akitoka, wa kwanza kumwamkia nitakuwa mimi. Saa nane nitapiga simu dukani kwa shemeji, uwe hapo.

Mwanao anayekuheshimu,
Neema