Kaktasi ya Mama Imeota Meno

Mpendwa Bi Alli, sijui hata nianzie wapi, lakini naomba unisaidie kabla mama hajaja nyumbani kwa Krismasi. Mama yangu, Saimi, ana miaka themanini na tisa, alihamia nyumba ya wazee mwezi Aprili akaniachia kaktasi yake ya Krismasi, ile aliyopewa alipoolewa, nami kwa kumkumbuka nikawa nainywesha kila asubuhi kahawa ikiwa mkononi, mpaka Agosti ikalegea, nikaivuta ikatoka na mizizi imeoza, nikalia, kisha nikanunua nyingine dukani nikaipanda kwenye chungu chake kilekile cha bluu. Kila Jumapili mama anapiga simu, "Mrembo wangu hajambo? Usimzidishie maji huyo, atadeka," nami najibu hajambo, mama. Sasa hii mpya pingili zake zina meno kama msumeno, na imeshatoa matumba Oktoba hata haijaisha, wakati ile ya mama ilikuwa na kingo laini na ilichanua wiki ya Krismasi. Nawakumbuka wageni wake wa kahawa, kila aliyesifia maua alivunjiwa pingili, ikafungwa kwenye gazeti, naye akaonywa mlangoni, "Usiniambie asante, ukishukuru haitashika mizizi." Mimi sikuwahi kuomba hata moja, niliona ipo tu. Niseme ukweli au ninyamaze?
Tuovi, Rauma

Tuovi, pole sana, ila nawe umezidi. Maji kila siku, kaktasi umeigeuza bata?

Hiyo uliyonunua ni kaktasi ya Novemba, aina nyingine inayochanua mapema. Itakuwa imepukutisha maua mama hajavua koti, na vidole vyake vitayajua hayo meno papo hapo. Mwambie Jumapili hii, kwa simu, bila kuzunguka.

Halafu acha kulia. Kaktasi ya mama haijafa, imetawanyika mtaa mzima kwenye madirisha ya wanywa kahawa wake. Nenda kagonge, omba tawi. Liache likauke siku mbili, kisha mpelekee mama pamoja na chungu cha bluu na udongo wenye mchanga, alipande kwa mkono wake. Maji ni mpaka udongo ukauke juu. Krismasi hii halitachanua, ukubali hivyo.

Kabla hujaondoka, mwombe akuvunjie pingili moja, yako. Akikupa, Tuovi, najua utataka kusema asante. Usiseme.