Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 9 Machi

Kazi imeingia! Marobota ya mashati ya polisi. Bosi kasema tuweke pembeni sare za shule, hizi ni za haraka. Eti mabega yapanuliwe, kola ziongezwe. Mama Pacha, wa cherehani ya pili, kauliza polisi wamekula nini mpaka wakanenepa shingo. Tumecheka. Bosi hakucheka.

Jioni binti yangu karudi kutoka zamu hospitalini. Wauguzi wanagoma kuanzia kesho — wodini hakuna glovu, hakuna dripu. Ijumaa wanaandamana. Nimemwambia akae nyuma ya wenzake. "Mama, mimi ndiye mshika bango!" Haya. Mkaidi kama bibi yake.

Jumatano, 11 Machi

Leo wamekuja wenyewe kupimwa. Lori zima. Polisi gani hawa, suruali zote zimechomekwa kwenye buti?

Nainua kichwa — mdogo wangu! Wa tumbo moja, mwanajeshi tangu anaota ndevu.

"Shikamoo dada," kasema, kana kwamba tumekutana sokoni.

Nimempima. Mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, tangu kuzaliwa. Mashati yake yote nimeyashona mimi. Nimemnong'oneza: umeacha jeshi lini? Hajaacha. "Tunasaidia."

Mnamsaidia nani? Kamtazama Bosi. "Dada, pima tu."

Kusaidia! Neno tamu hilo. Hata mwizi humsaidia mtu kubeba mzigo.

Alhamisi, 12 Machi

Waziri yuko redioni tangu asubuhi. Sheria iko wazi, anasema: jeshi haliingii mtaani mpaka Bunge likubali. Bunge halijaombwa. Kwa hiyo hakuna mwanajeshi mtaani, na anayesema yupo ni mchochezi.

Mwongo! Mwongo mkubwa! Bunge halikuombwa kwa sababu nimeombwa mimi! Sheria ya nchi nzima imepita kwenye tundu la sindano yangu, na mtu mzima anakaa redioni anakohoa kistaarabu.

Nimemwambia Bosi sishoni. Kasema niache cherehani yake basi, wenye shida wamejaa getini. Nikashona. Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo yenyewe nimeishona mimi, kwa uzi mzuri. Nimejichukia mchana kutwa.

Nimempigia mdogo wangu: mpwa wako yumo kesho. Kajibu, "Mwambie asije." Mwambie wewe, ndiye mjomba! Kasema simu zao zinakusanywa sasa hivi. Ikakatika.

Binti nimemweleza yote, mpaka habari za buti. Kacheka. "Basi afadhali. Mjomba hawezi kunipiga."

Hawezi. Amelala fofofo chumba cha pili. Mimi natafuta namna ya kuficha viatu vyake, kama mwendawazimu.

Ijumaa, 13 Machi

Aliondoka kwa malapa. Viatu vyake ninavyo mimi, kabatini. Mjinga mimi!

Bosi katufungia ndani, geti na kufuli. Milio ya risasi ilitoka upande wa hospitali. Mama Pacha kaingia chini ya meza. Baadaye redio: polisi wametawanya wahuni. Polisi! Wahuni! Muuguzi anayeomba glovu ni mhuni!

Lori limerudi. Wamemwaga mashati sakafuni — vifungo vimeng'oka, mifuko imechanika, yanatakiwa kesho. Nimechambua. Nimelipata. Mkono wa kushoto ulioongezwa, upindo wangu, uzi wangu.

Kifua kizima kimekauka damu. Nimelikagua mshono kwa mshono, nikaligeuza ndani nje. Hakuna tundu. Hakuna hata mchaniko. Damu si yake. Na mkono ule mrefu umelowa mpaka kiwikoni, kama wa mtu aliyebeba mtu.

Simu ya binti inaita tu. Ya mjomba wake imezimwa.

Bosi anasema niloweke kwenye maji ya chumvi, damu ikitoka nirudishie vifungo. Maji keshaleta mwenyewe, ndoo hii hapa miguuni. Nimelikalia shati. Naandika huku nimelikalia. Anasema niinuke, geti litafunguliwa kazi ikiisha. Mama Pacha naye kazima cherehani yake, kaja kukaa karibu yangu.

Bosi anaita walinzi. Waje. Simu ya binti inaita bado —