Kavunja ungo, mimi sina habari

Shoga, upo? Nimekaa kwenye benchi la hospitali, sijui nilie au nicheke.

Nimemleta binti yangu kupimwa uimara wa mifupa. Si unajua mkono umevunjika tena, kuteleza tu bafuni!

Dada wa mashine akauliza: "Ameshavunja ungo? Majibu ya mtoto na ya mwari hatuyasomi sawa." Nikadakia, mama ninayejua kila kitu: "Huyu? Bado kabisa!"

Binti akatazama chini. "Nilishaanza, mama. Mwaka jana."

Mwaka jana!! Shoga, MWAKA JANA!

Nikamuuliza pedi alinunuliwa na nani.

"Baba. Alisema tusikusumbue, unarudi umechoka."

Baba! Mwanaume ninayelala naye kitanda kimoja, hajanigusia hata neno!

Yule dada akafuta jibu langu, akaandika la binti. Binti akapanda kulala kwenye mashine, akaambiwa asitikisike. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Simu yake kaniachia mimi. Imeita sasa hivi, ni baba yake.

Yangu haijaita tangu asubuhi.